Batuli Anataka Shemeji Yake Aseme Dukani

Jua limeshaingia barazani kwa Batuli, Itetemia, Tabora, naye ameinamia kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Anakifumua uzi mmoja mmoja. Nyuzi za urefu anaziweka kushoto, za upana kulia, kisha anaunguza ncha kwa kibiriti. Pamba inaacha majivu. Poliesta inayeyuka na kuganda.

Mwisho anapima kila fungu kwenye mizani ndogo ya sonara. Fungu lililo zito ndilo linalokipa kitambaa jina forodhani, na jina ndilo linaloamua ushuru.

"Wanaopeleka majora Burundi walikuwa wanapanga foleni hapa," anasema mjane huyo wa miaka hamsini na mbili. "Leo umemkuta nani?"

Hakuna mtu. Kipande hicho ni cha Rosalia wa Ulyankulu, mteja pekee aliyebaki.

Kiangazi kilichopita, Twalibu, mdogo wa marehemu mumewe na mwenye duka la vitambaa mjini, alimletea sampuli. Batuli alipoigusa tu akajua nyuzi zake za urefu, ambazo ni pamba, zimetiwa wanga. Wanga huongeza uzito, hivyo kitambaa hufuliwa na kukaushwa kabla ya kupimwa.

"Nikamwambia, shemeji, subiri nikifue, kikauke. Akasema gari la mzigo linaondoka, pima hivyohivyo. Nikapima, pamba ikazidi. Nikamwambia tena, hii usiitegemee."

Aliitegemea. Mpakani kitambaa kilifuliwa kikapimwa upya, poliesta ikaonekana ndiyo nyingi, na mzigo wote ukazuiwa. Twalibu aliporudi Tabora alisimama dukani akawatangazia wateja kwamba mke wa kaka yake hajui kazi, amemtia hasara. Wafanyabiashara wakamwamini, wakahama mmoja mmoja.

Majirani walimshauri akajitetee. Akajitetee kwa nani, wakati nyumba anayoishi ni ya ukoo na msemaji wa ukoo ni Twalibu huyohuyo? Akanyamaza, akameza. Sasa amechoka kumeza, na uso wake hauufichi uchungu huo.

Wiki hii Twalibu ametuma sampuli nyingine, kana kwamba hakuna kilichotokea. Iko juu ya kabati, haijatolewa hata kwenye mfuko.

"Siigusi," anasema Batuli. "Fidia sitaki. Nataka aseme palepale dukani, wateja wakiwepo, kwamba nilimwambia asubiri. Akinitoa kwenye nyumba, nina kiwanja changu Kigwa. Nitajenga chumba kimoja, nibandike jina langu mlangoni."

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Twalibu hakukana.

"Ndugu mwandishi, yule ni shemeji yangu," alisema. "Mambo ya nyumbani hayaandikwi gazetini."

Batuli anaelezwa jibu hilo.

"Ya nyumbani," anasema. "Mbona alipoyasema yalikuwa ya dukani? Wewe andika."