Mashine ya kupasua mbao iliyoletwa kunilinda ndiyo iliyonitoa kazini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa nyuzi za wengine. Leo naandika yangu, na ni ya kweli, majina pekee ndiyo nimebadilisha. Naandika na mkono mmoja, kwa hivyo makosa mnivumilie.

Mimi ni fundi wa mbao huku Makueni, upande wa Kathonzweni. Niite Musyoka. Tangu nimalize shule sijafanya kazi ingine. Niliandikwa kazi na mama mmoja mwenye workshop, tunamwita Mama Mutheu. Tulikuwa tunatengeneza milango, vitanda na madawati.

Mimi nilikuwa mtu wa bench saw, ule msumeno wa duara unaotokea katikati ya meza. Ilikuwa mashine kuukuu, haina kinga yoyote.

Siku moja nikipasua saipresi ya fremu, mbao ilibanwa, ikarushwa nyuma, ikavuta mkono wangu wa kushoto.

Vidole viwili vya mwisho vilienda. Kiganja kilipasuka hadi kwa mfupa.

Hospitali walinishona vizuri, siwalaumu. Daktari aliniambia nerves, ile mishipa ya hisia, zimekatika, vidole vilivyobaki vitasonga lakini huenda visisikie kitu. Mimi nilishika hiyo ya kusonga. Hiyo ingine niliiacha hapo hospitali.

Mama Mutheu alikuja nyumbani akalia kuliko mke wangu Syombua. Akasema ile mashine haitawashwa tena. Na haikuwashwa. Alitafuta ingine Nairobi, yenye sensor.

Wacha nieleze kwa wale hawajaiona. Blade inapitishiwa umeme kidogo sana, hata hauumi. Mbao kavu ikigusa, hakuna kitu. Lakini mwili wa mtu una maji na chumvi, ukigusa tu, ule umeme unabadilika. Kompyuta ndogo ndani ya mashine inajua saa hiyo hiyo, inafyatua kipande cha aluminiamu kinachouma meno ya msumeno. Msumeno unasimama na kuzama chini ya meza kabla hujavuta pumzi.

Ikishafyatuka, ile breki ya aluminiamu haitumiki tena, na blade imeharibika. Lazima ziletwe zingine.

Fundi aliyeileta alituonyesha na soseji. Aliisukuma kwa blade ikiwa inazunguka. Tulisikia mlio kama wa tairi kupasuka, na blade haipo. Soseji ilikuwa na mkwaruzo tu.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, vile naweza. Lakini niliiangalia hiyo soseji sana.

Nikarudi kazini. Wakuu, siwezi waeleza hiyo furaha. Harufu ya mbao, vumbi kwa nywele, kuitwa fundi tena.

Haikuchukua muda, mashine ikafyatuka. Nilikuwa nasukuma kipande kifupi, kidole cha kushoto kikateleza. Nilipotazama, kidole kipo. Kyalo, fundi mwenzangu, alinikumbatia. Jumapili Syombua alisimama kanisani akatoa ushuhuda, kwamba Mungu ametuletea chuma chenye macho. Kanisa lote likasema amina.

Mara ya pili ilikuwa tofauti.

Hiyo siku nilikuwa makini. Sikuharakisha, sikuwa nimechoka. Nilikuwa naangalia mstari wangu kwa mbao, na nilikuwa na uhakika mkono wa kushoto uko mbali. Mashine ikalia, blade ikazama.

Nikawaambia ni mbao mbichi. Mbao yenye maji inaweza kudanganya sensor, fundi wa Nairobi mwenyewe alitwambia. Nilirudia hivyo kwa kila mtu, "Ni mbao mbichi hii."

Kyalo hakubishana. Alinishika mkono wa kushoto, akaugeuza.

Kidole cha shahada kilikuwa na mkato mdogo na kinatoa damu. Sikuwa nimesikia chochote. Hata wakati naiangalia hiyo damu, ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Hakuna aliyetaja amina.

Mama Mutheu aliniita nje, tukakaa juu ya mbao zilizopangwa.

"Musyoka, hii mashine niliinunua kwa sababu yako," akasema. "Sasa imeniambia kitu sikutaka kusikia. Wewe hujui mkono wako uko wapi."

"Lakini itasimama, Mama. Si ndiyo kazi yake?"

"Na siku isiposimama?"

Angenifokea ningejua la kusema. Alikuwa anafuta machozi na leso.

Alinipa kazi ya kuuza vitanda hapo mbele, kando ya barabara. Nilijaribu. Mteja anauliza bei, mimi nasikiliza msumeno huko nyuma, najua Kyalo anasukuma haraka sana au blade imeanza kuisha makali. Nikaacha. Hakunifukuza, hilo niliseme wazi.

Sasa niko nyumbani. Mvua imetukataa, pojo zimekauka zikiwa na maua. Nikishika jembe mkono unachubuka mpaka damu, najua nikiona mpini umelowa. Sufuria moto najua kwa harufu. Nikivuka barabara na binti yangu, naangalia chini kila mara nione kama bado nimemshika.

Syombua huuza mboga sokoni. Hanilaumu. Usiku na mchana ananiambia Mungu ana mpango. Mimi nimeacha kumjibu.

Funzo, kama ni funzo: sensor inalinda mwili ulio nao, hairudishi ule uliopotea. Mafundi mnaotumia misumeno ya zamani, wekeni kinga leo, hata ya mabati. Na ukiumia, usiulize daktari tu kama vidole vitasonga. Muulize kama vitasikia, na umngoje ajibu.

Naomba kuuliza sasa, ndiyo sababu hasa nimeandika. Kuna mtu humu mkono wake ulikufa ganzi hivi, halafu hisia zikarudi? Niambie ilianzaje, hata kama ni kidogo.

Na kama hazikurudi, niambie pia. Lakini nipe pole kwanza.