Bangili ya Bibi

Kabla ya kufungua sanduku la bibi nilizunguka chumba mara tatu, nikijifanya natafuta ufagio. Tulikuwa tumemzika wiki moja kabla, hapa hapa kijijini Ganako, na mjomba alitaka nyumba iwe tupu ifikapo Jumamosi, aibomoe ajenge vyumba vya watalii wanaokwenda kuona kreta. Kazi ya kuchambua vitu niliachiwa mimi, mjukuu niliyelelewa humo.

Kila kitu kilitoka na harufu yake. Kopo la ugoro la babu, ambalo bado lilinipigisha chafya. Pasi ya mkaa yenye mpini ulioungua. Redio ya mbao ambayo babu aliizaba makofi ili iseme. Kibuyu cha maziwa kilinuka moshi, nikakumbuka ugali na maziwa ya mgando asubuhi za baridi, ukungu umetanda hadi mlangoni na bibi ananigombeza nimalize nikaokote kuni. Kama nawe ulilelewa na bibi, unanielewa.

Jirani yetu, bibi kizee wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakuwahi kufika hapo tangu nikiwa darasa la tatu. Hakugusa kitu.

"Angalia mpaka chini kabisa, mjukuu wangu," alisema.

Nilijua anasubiri nini. Bibi alikuwa na bangili ya shaba aliyovishwa na mama yake siku ya kuolewa, akaihifadhi humu sandukuni, ndani ya kitambaa. Ikapotea. Na mtu pekee aliyeingia chumbani kwa bibi bila hodi alikuwa huyu jirani. Walikuwa wamoja kweli, wakiombana moto na chumvi, wakipaliliana maharage. Baada ya bangili kupotea, kwenye msaragambo wa palizi, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kata ya pombe ilizunguka kwa wanawake wote, na ilipomkaribia yeye, bibi aliipokea mwenyewe akampa wa pembeni. Jirani akaweka jembe begani akaenda zake. Hakuitwa tena, na wengine nao wakaanza kuanua nguo zao kambani wakimwona anapita.

Sasa nikuambie ukweli. Bangili niliichukua mimi. Gari la watalii lilipata pancha pale kwenye kilima, na mzungu mmoja alikuwa na kalamu ya rangi nne, kama ile ya mwalimu wetu iliyotutoa udenda shule nzima. Nikakimbia nyumbani, nikarudi na bangili, tukabadilishana. Bibi alipoanza kuulizia nililia kwa woga, akadhani namlilia mama yangu, aliyefariki mwaka huo huo. Akanikumbatia na kunibembeleza, nami nikabembelezeka.

Sanduku lilipobaki tupu nililiinamisha ili jirani aone.

"Bibi, bangili niliichukua mimi. Nilimpa mzungu."

Hakushtuka. "Nilikuona. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe pale juu ya barabara."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mama yako tulikuwa tumemzika juzi juzi tu. Bibi yako angekuua kwa fimbo." Akajikongoja kuinuka, akajifunga khanga upya. "Nikasema huyu ni mtoto, ngoja akue, atasema mwenyewe. Ukakua."

Akaondoka bila kuaga.

Nilikua, ndiyo. Nilimaliza shule, nikapata kazi Arusha, na kila Krismasi nilikuja na sukari na khanga za bibi, nikapita mbele ya mlango wa jirani yule nikimwamkia kwa adabu zote. Miaka yote hiyo bibi alikuwa hai na masikio yake yalikuwa mazima. Naona aibu hata kuandika haya.

Jumamosi nyumba itaanguka, na hilo haliniumizi sana. Kinachoniumiza ni wanawake wawili waliokuwa wakiitana kutoka shamba hadi shamba, wakicheka kabla hata hawajaonana, mpaka siku moja pakawa kimya, nami nikaendelea kula, kucheza na kukua katika kimya hicho.