Kaakaa Jeusi

Mwezi uliopita mwanangu alirudi nyumbani kwetu Kambarage na mtoto wa mbwa ndani ya begi lake. Alipewa na rafiki yake, akaambiwa ni wa ukoo wa mbwa wa kuwinda. Kabla sijauliza atalala wapi, nilimpanua yule mbwa kinywa nikatazama kaakaa. Lilikuwa jeusi. Nikachukua ncha ya kanga, nikailowesha mate, nikasugua. Kanga ikatoka safi. Nikasugua tena. "Mama, kwani rangi hiyo huwa inatoka?" mwanangu akauliza huku akicheka. Sikumjibu. Wewe nitakujibu, maana jambo hili nimelibeba peke yangu miaka mingi na limenichosha.

Nililelewa na bibi mzaa mama, upande wa Songwa. Wazazi wangu walikuwa Geita, baba akichimba dhahabu, mama akiwapikia wachimbaji. Bibi alikuwa mwema, nisimsingizie, ila alishuku kila kitu. Alinusa maziwa kabla ya kuyamimina. Kuku aliwahesabu asubuhi na jioni, na siku wakizidi alipata wasiwasi kuliko siku wakipungua. Mgeni akimsalimu kwa uchangamfu mno, aliitikia vizuri kabisa, kisha akaenda kuangalia kama ghala limefungwa. "Anayekuchekea sana kaona kitu nyuma yako," aliniambia.

Mtu mmoja tu aliingia kwetu bila hodi: jirani, mjane kama yeye. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na njia nyembamba iliyolainishwa na nyayo zao. Chumvi ilipita hapo, na kaa la moto, na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo bibi alivichemsha na karanga mpaka uani kote kunukie. Asubuhi niliamshwa na sauti zao wakisalimiana kwa Kisukuma, kila mmoja mlangoni kwake, salamu ndefu zinazouliza hadi hali ya ndama. Sijawahi kulala usingizi mzuri kama wa nyumba ile.

Mwaka ambao fisi na wezi wa mifugo walizidi, jirani alituletea mtoto wa mbwa. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji, na mbwa wake walijulikana hadi vijiji vya mbali. Bibi alimpa kuku, kwa kuwa kwetu mbwa hapokelewi kwa mikono mitupu. Jirani alipoondoka tu, bibi akaanza kushuku. Kwa nini ametuchagulia huyu? Wenzake wamekwenda kwa nani?

Akamkagua kama mtu aliye mnadani. Alibonyeza nyayo: kubwa kuliko umri, basi atarefuka. Akapitisha vidole katikati ya miguu ya mbele: kifua kipana, pumzi ipo. Akamtembeza kuona kama miguu ya nyuma inagongana, haikugongana. Akamshika ngozi ya shingo akamwinua juu. Hakulia, alining'inia tu akinitazama mimi.

"Asiyelia ama ni shujaa ama anaficha kitu," bibi akasema.

Kisha akazunguka nyuma yake kimyakimya, akaangusha mfuniko wa sufuria. Mbwa akakimbilia chini ya gauni langu, akanikojolea miguuni.

"Mwili wa mwindaji, moyo wa kifaranga."

Likabaki kaakaa, na kwa bibi kaakaa ndilo lililokata shauri. Mbwa mwenye kaakaa jeusi, woga wake ni wa utoto, utamtoka, na akishakua hawezi kunyamaza mgeni akikanyaga uani. Mwenye kaakaa jekundu atabaki mwoga hivyohivyo, hurudishwa alikotoka. Na kaakaa hutazamwa asubuhi, kabla mbwa hajala.

Jioni ile nilichungulia mwenyewe. Jekundu. Sikuwa na ndugu wa kucheza naye, na yule mbwa alikuwa ameshalala juu ya miguu yangu, joto lake likiniingia mwilini. Nilimpenda, sina namna nyingine ya kulisema. Asubuhi, bibi akiwa zizini, nilikwangua masizi ya sufuria, nikayachanganya na samli yake ili yashike, nikampaka. Samli ilikuwa tamu, akailamba yote, ikabidi nipake mara ya pili. Bibi akaja, akampanua kwa kidole gumba, akamgeuzia kwenye mwanga, akatazama, akatazama tena. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi kuficha vidole.

"Jeusi," akasema. Siku hiyohiyo akampa jina, Askari.

Askari akarefuka kama nyayo zake zilivyoahidi, na wapita njia walisimama kumsifia. Bibi, ambaye siku zote alifunga mbuzi karibu na jiko, akaanza kuwaacha zizini na mbwa. Ikaja siku moja, mchana, tunapalilia karanga kwenye shamba letu karibu na nyumba. Mbuzi wawili wakachukuliwa, mmoja ana mimba. Hatukusikia hata mbweko mmoja. Mimi nilitangulia kufika, nikamkuta Askari amejibanza chini ya ghala anatetemeka. Bibi alipofika, mbwa alikuwa keshatoka, anatikisa mkia.

Bibi hakulia. Alikaa kwenye kigoda akafikiri.

"Mbwa wa kaakaa jeusi hanyamazi, ila kwa mtu anayemjua," akasema taratibu. "Na anaowajua ni watatu. Mimi nilikuwa shambani. Wewe ulikuwa shambani."

Ilitakiwa niseme neno moja tu, masizi. Nililimeza kwa kuogopa fimbo. Kati yangu na yule mbwa, mwoga alikuwa mimi.

Bibi alifuata ile njia hadi kwa jirani, akamkuta anaanika michembe. "Asante kwa mbwa," akamwambia, akageuka. Jirani alibaki na ungo mkononi. Wiki hiyo bibi akakata vijiti vya minyaa, akavichomeka kuziba njia. Minyaa haina shida, ukiichomeka imeota. Hawakusalimiana tena mpaka bibi anafariki. Yeye aliyeshuku hata maziwa, hakunishuku mimi hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho yake baada ya kusugua kaakaa la mbwa wa mwanangu, nilikwenda Songwa. Nyumba ya bibi haipo. Ghala halipo, zizi halipo, yamebaki mafiga na kaburi, na asubuhi hakuna anayemuuliza mwenzake hali ya ndama. Jirani yupo, amezeeka, haoni vizuri. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti hii naijua."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na samli?" akauliza.

"Na samli, bibi."

Nilingoja anifukuze, na angenifukuza ningekwenda.

"Mimi nilijua siku zote kwamba sikumwibia," akasema. "Wa kuambiwa si mimi, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Ni yeye."

Akanyoosha mkono nimwinue. Kaburi liko ng'ambo ya minyaa, na minyaa ile sasa imenipita kimo mara mbili, imefungamana hata kuku hapenyi. Zamani ningevuka hapo mbio, na chumvi ya kuazima kiganjani, kabla bibi hajamaliza kuniita. Jirani akanishika bega, tukaanza kuizunguka.