Mapipa ya Maji ya Kijani

Kabla ya kunawa uso nilikuwa nimeshakoroga mapipa yote matatu. Nilikoroga tena baada ya chai, na kila nilipopita uani, ingawa nilijua mwani hauhitaji kukorogwa mara nyingi hivyo. Kukaa kulinishinda.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu, ukurasa baada ya ukurasa, kwamba ule utelezi wa kijani unaoota kwenye maji yaliyotuama una mafuta ndani yake, na kwamba ukikaushwa huwaka. Wengine huyafanya mafuta hayo ya magari; mimi sikuwa na gari. Nilitaka mke wangu aache kwenda kuni. Hapa Nakivale, kwenye makazi yetu wakimbizi, miti ya karibu ilikwisha zamani, na wanawake huvuka hadi malisho ya wenyeji, ambako hufukuzwa kwa fimbo na mbwa. Siku moja alirudi bila panga. Hakusimulia, nami niliogopa kuuliza.

Mwani wa kwanza niliuchota ziwani. Ukaliwa na vijidudu vilivyokuja na maji yaleyale. Nikaanza upya kwa maji ya bomba, nikatia maji ya samadi ya mbuzi yaliyochujwa, ukashika rangi. Kwa kuuvuna nilihitaji kitambaa chepesi, nikaenda sokoni mjini Mbarara. Muuzaji alikuwa mke wa askari, mkaazi wa kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko kambini.

"Mzee, hii ni ya kuchuja uji. Wewe nachuja nini?"

"Mwani. Nataka kuuwasha jikoni."

"Ile uchafu ya kijani?" Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Nyabo, njoo uone. Mzee anaenda kupika na bwawa."

Nilicheka nao. Njia nzima ya kurudi nilikikunja na kukikunjua kile kitambaa.

Mavuno ya mapipa yote yalikauka juu ya bati yakawa vigaga vilivyojaa viganja viwili. Mke wangu aliviwasha chini ya maharage ya wanajumuiya, waliokuwa waje kusali kwetu jioni. Viliwaka vizuri, kwa harufu ya samaki, vikaisha kabla sufuria haijachemka.

Akafunika sufuria, akachukua kamba na panga la kuazima.

"Ngoja," nikasema. "Nitaongeza pipa la nne."

"Baba watoto, nani atalijaza?"

Akaitupia kamba begani.

"Kuni naenda mara mbili kwa wiki. Maji yako naenda kila siku. Jua linayanywa, narudi tena bombani. Wenzangu wananiuliza kama nimefuga kiboko."

Nilikuwa nimepima kina cha maji, rangi yake, joto lake asubuhi na mchana. Madumu aliyoyabeba kichwani sikuyaweka popote katika hesabu yangu.

Nikatafuta kamba nyingine, nikamfuata. Kule malishoni tulikuwa tumeshafunga mizigo miwili alipowasikia mbwa, kabla yangu. Mtu alikuwa anashuka kilimani akipiga kelele. Nikaanza kuutua mzigo ili nimweleze, kwa utaratibu, kwamba tuliokota matawi makavu tu.

"Usiutue," mke wangu alisema. Wake ulikuwa tayari kichwani. "Hapa hakuna wa kuelezwa. Kimbia nao."

Nikakimbia nyuma yake. Alikata kushoto penye kichuguu, akaruka mtaro bila kuutazama, akainama chini ya seng'enge mahali palipokuwa pameshalegezwa, na mzigo wake haukutikisika.