Unyoya Sikioni mwa Mwinjuma

Marehemu mume wangu, Mwinjuma, alikuwa mchagua nazi pale Tandale, enzi za Mwingereza, Tandale ikiwa bado minazi mitupu. Hakuhitaji kuipasua nazi. Aliitikisa mara mbili karibu na sikio la kushoto, akasikiliza maji, akasema: hii nzima, hii imeoza, hii bado koroma. Wenye maduka walichukua alichowapa bila kuuliza.

Mwaka wa tano wa ndoa yetu akaanza kuzikataa. "Kavu," anasema, anatupa. "Na hii kavu." Siku moja nimempelekea chakula, nikamkuta bwana Hashil, mnunuzi wake mkubwa, mwenye duka Mwananyamala. Hashil akaokota moja ya zile zilizotupwa, akaipasua kwa panga. Maji yakamrukia, kanzu ikalowa.

Mpagazi mmoja akasema, "Bwana Mwinjuma, nazi haina kosa. Kavu ni wewe."

Hashil hakucheka. "Ndugu yangu, nakupa mpaka Ijumaa. Usiposikia, nitatafuta mchaguaji mwingine, na wenzangu watanifuata."

Mwinjuma alikuwa anatabasamu tu. Ilibidi nimrudie maneno yale kwa sauti, mbele za watu.

Kesho yake tukaenda kwa dresa mmoja wa zahanati, Ansbert, Mhaya mpole. Akamulika sikio la kulia kwa kurunzi, akapiga maji ya uvuguvugu kwa bomba. Kikatoka kidonge cheusi, sawa na kokwa ya ubuyu. Akakipasua kwa kibano. Ndani mna kipande cha unyoya mweupe.

Ulikuwa wa kuku wangu.

Nilipokuwa mwali, somo yangu alinifundisha: mume husafishwa masikio kila Alhamisi jioni, kichwa akilaze mapajani pako, unyoya uchovye mafuta ya nazi. Sikuacha hata Alhamisi moja. Nilihesabu ni thawabu.

"Nani anamsafisha?" dresa akauliza.

"Mie."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua karatasi akachora. "Nta hutoka yenyewe, mama. Wewe umeishindilia. Mwisho wa tundu hili pana ngozi nyembamba, imewambwa kama ngoma. Sauti ikiipiga, vifupa vitatu vinatikisika. Cha mwisho ni kidogo kuliko punje ya mchele. Hicho nacho kinatikisa maji yaliyomo kwenye kitu kilichojikunja kama konokono. Hapo ndipo mshipa unapeleka habari kwenye ubongo."

Mwinjuma, ambaye sikio la kulia limeshazibuka, akauliza, "Kumbe na sie tuna maji ndani, kama nazi?"

"Mnayo."

"Na hili la kushoto?"

Dresa alimulika kwa muda mrefu. "Huku ngozi imetoboka. Jeraha la zamani."

Nikaikumbuka Alhamisi ile aliyoshtuka mapajani pangu. Unyoya ulitoka na damu. Aliniambia, "Si kitu, endelea." Nami niliendelea.

Ijumaa Hashil alileta nazi tatu. Mwinjuma akazitikisa kwenye sikio la kulia, mkono mzito kama wa mwanafunzi. "Nzima. Nzima. Hii imeoza." Hashil akaipasua ya tatu, watu wakaziba pua. Akasema tu, "Kesho uje mapema."

Njiani nilikuwa kushoto kwake, nikilia. Akanishika mkono, akanihamishia kulia.

"Kaa huku," alisema. "Kule unalia bure."