Siku Saba Kabla ya Mionzi

Nilipopata kazi ya kutunza panya wa maabara, baba mkubwa alinicheka mbele ya ukoo mzima, nyumbani kwetu Ushetu. "Sisi tumechunga ng'ombe miaka yote," alisema, "leo binti yetu msomi anakwenda kuchunga panya!" Watu wakaangua kicheko.

"Baba mkubwa," nikamwambia, "hao panya ndio wanaotumika kutafuta tiba ya ugonjwa uliomuua mdogo wangu."

Kicheko kikakatika. Mdogo wangu alikufa kwa sikoseli akiwa darasa la tano. Wengi waliokuwa pale walishawahi kumbeba mgongoni tukimkimbiza hospitali Kahama.

Maabara ilikuwa ya chuo kimoja, mbali na nyumbani. Tulikuwa tunaandaa panya weupe kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwanza mionzi inaua uboho wao wa zamani, kisha wanadungwa uboho mpya kwenye mshipa wa mkia. Mpaka uboho mpya ushike, panya hana kinga yoyote. Uchafu wa kidole changu tu ungetosha kumuua. Kwa hiyo, kwa siku saba kabla ya mionzi, niliwanywesha maji yenye antibayotiki, nikawalisha chakula kilichopitishwa kwenye mvuke mkali, na kuwapima uzito kila asubuhi. Sikujidanganya. Nilikuwa naandaa viumbe kwa maumivu. Ndiyo maana sikuwa tayari waumie bure.

Siku ya nne, daktari aliyeongoza utafiti alinijia mlangoni mwa chumba cha panya akiwa na haraka.

"Mashine ya mionzi tumeipata leo mchana. Pakia wote."

"Bado siku tatu, daktari."

"Nafasi hii ikipotea tutasubiri zaidi ya mwezi."

"Basi tusubiri."

"Wewe ni mtunza wanyama," akasema. "Kazi yako ni kuwalisha."

"Ndiyo. Na sitawalisha ili nije kuwazoa wamekufa."

Nikatoka, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni. Mbele yake nikampigia simu mama mmoja, daktari wa mifugo wa chuo. Mama yule alifika, akasoma daftari langu la kila siku, akaingia kuwatazama panya. Wawili walikuwa wanaharisha, nami nilikuwa nimeandika hivyo tangu juzi yake.

"Haondoki hata mmoja," akasema.

Kesho yake nikaletewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, nikatakiwa kumwomba radhi kiongozi wa utafiti kwa maandishi. Nikaandika mstari mmoja: *Sioni kosa la kuombea radhi.*

Habari zikamfikia baba kabla sijamwambia mwenyewe. Akanipigia. "Ng'wana wane, mwanangu, omba radhi yaishe. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?"

"Baba, wewe ungempa ng'ombe nusu dozi kwa sababu gari la mnada limefika?"

Nyuma yake nilisikia ndama akilia. "Nusu dozi ni kumuua polepole," akasema hatimaye. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeshindwa na maneno yake mwenyewe: "Haya. Simama hapohapo."

Onyo likabaki kwenye faili langu, kazi nikabaki nayo. Tulisubiri wiki tano. Nafasi ya mashine ilipopatikana tena nilianza hesabu upya, siku ya kwanza hadi ya saba, na hakuna aliyethubutu kuniharakisha. Baada ya mionzi na uboho mpya, wote walidhoofika, manyoya yakawasimama, na wawili wakafa mikononi mwangu. Hao niliwalilia, na aliyetaka kucheka alicheka. Wiki ya tatu waliobaki wakaanza kupanda uzito.

Asubuhi moja daktari alikuja akasimama mbele ya vizimba kwa muda mrefu.

"Wanakula," akasema.

"Wanakula," nikamjibu, nikamweka panya mwingine kwenye mizani.

Radhi hakuniomba, nami sikumwomba.