Mifupa Kwenye Ungo

Mimi nakumbuka kwanza vumbi jeupe la machimbo ya Osukuru, lililoganda kwenye shati la baba mpaka mama akachoka kufua. Uhuru ulikuwa wa juzi tu. Sijui kwa nini naanzia huko, labda kwa sababu ni kule kazini baba alijifunza kwamba bundi hulinda nafaka kwa kula panya.

Bundi wetu alilala ghalani. Asubuhi baba aliokota madonge aliyoyatema, nasi watoto tukayafumua kwa mwiba juu ya ungo, nywele huku, mifupa huku.

"Haya, leo amekula panya wangapi?" baba aliuliza.

"Watatu!"

Wiki hiyo mtoto wa jirani aliugua sana. Mama yake akaja kuomba moto, akauona ule ungo. Moto hakuchukua.

Mchana wanaume wakajaa uani. Baba wa mgonjwa akauliza, "Nywele hizi ni za nani?"

"Za panya, ndugu yangu. Waulize watoto."

"Kumbe na watoto umeshawafundisha!"

Siku ya tatu mtoto yule akafa. Tulipoanza kusikia kilio, baba alituambia tufunge mbuzi, akashika njia ya Malaba, ya kuvuka mpaka, mikono mitupu. Hakurudi tena.